Wapiga gitaa wasio na jukwaa: nani amewahi kukugusa, na anafanya nini hasa?

#1 · Mleta uzi (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni.

Humu tumeshawajadili sana wapiga solo wa bendi kubwa. Leo naomba tuwazungumzie wengine kabisa. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye galatoni, yaani gitaa kavu, lililopasuka ubavuni. Mlinzi wa usiku anayejipigia taratibu mpaka kukuche. Katekista wa kigangoni. Watu ambao hawajawahi kulipwa kwa kupiga gitaa, au walilipwa kidogo siku moja, kisha Jumatatu wakarudi kazini kama kawaida. Lakini wakishika nyuzi unajikuta umenyamaza na koo limekaba.

Swali langu: wanafanya nini hasa? Jibu la "ana kipaji" au "anapiga kwa hisia" halinitoshi. Hisia hazirukii hewani, zinapita kwenye vidole. Kuna jambo linafanyika kwenye besi, kwenye mwendo, kwenye zile nafasi ambazo mpigaji anaziacha tupu, na naamini linaelezeka.

Naanza na ninayemfahamu zaidi, Jean-Bosco Mwenda, aliyejiita pia Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa 1930 Bunkeya, Katanga, kwenye yale makao ya mfalme Msiri. Wayeke asili yao ni Wasumbwa na Wanyamwezi wa magharibi mwa Tanzania waliofuata shaba na pembe za ndovu huko karne ya 19, kwa hiyo huyu hayuko mbali nasi, na aliimba Kiswahili cha kwao. Mwaka 1952 Hugh Tracey, ambaye alikuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodia, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi. Kijana wa miaka 22, hana bendi, hana vyombo vya umeme. Ana gitaa kavu, kidole gumba na kidole cha shahada. Akapiga "Masanga", na wimbo huo ukasafiri kuliko mwenyewe alivyoweza kuota.

Mimi nimeusikiliza "Masanga" tangu nikiwa kijana na bado unanikamata. Chodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ni chache, mwanafunzi wa miezi mitatu anazijua zote. Lakini sikiliza gumba peke yake kwanza: linatembea chini, halikimbii, halisimami. Halafu sikiliza juu: ile sauti nyembamba haifuati hatua za gumba, ina hesabu yake. Mbili chini, tatu juu, zinakutana, zinaachana, zinakutana tena. Kila mzunguko ukirudi unaujua, ila kuna noti moja imesogea. Sikio linasubiri pale ilipokuwa, haipo, kisha inakuja nusu hatua baadaye. Mwili wangu unasisimka hapo hapo kila mara.

Mtafiti wa muziki David Rycroft alikaa akaiandika ile rekodi noti kwa noti, akaichapisha kwenye jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukiona ile karatasi ndipo unaelewa kwamba huyu kijana hakuwa anabahatisha. Na baada ya sifa zote hizo, kwa sehemu kubwa ya maisha yake Bosco alikula kwa kazi nyingine, za ofisini na za biashara. Gitaa lilikuwa lake.

Ninachoamini mimi: mpigaji asiye na jukwaa anakaa na nyimbo chache kwa miaka mingi sana. Hana onyesho la Ijumaa linalomlazimisha kujifunza nyimbo ishirini mpya. Ana nne, tano. Amezipiga akiwa na furaha, amezipiga akiwa na madeni, amezipiga usiku mke wake akiwa mgonjwa. Kila noti ameshaijaribu kwa nguvu zote na kwa upole wote, na amebakiza ile inayofaa. Wewe unayesikiliza unapokea matokeo ya miaka hiyo ndani ya dakika tatu.

Tiririkeni wakuu. Mtaje mnayemjua (kama ni mtu wa kawaida msiweke jina, elezeni tu), na mseme anafanya nini.

#2 · Mchangiaji (Iringa)

Mkuu umegusa penyewe. Kwetu kulikuwa na mzee mmoja fundi cherehani, gitaa limening'inia nyuma ya mlango wa duka. Mteja akichelewa kuja kuchukua nguo, mzee analishusha. Nyuzi zilikuwa tano, wa sita ulishakatika na hakuununua. Alishapanga nyimbo zake zote bila ule uzi. Siku moja kijana akamletea seti mpya, akashukuru sana, akafunga zote sita, na akaendelea kupiga vile vile, huku ule mpya ukitetema wenyewe bila kuguswa. Naweka kambi hapa.

#3 · Mchangiaji (Kakamega)

Salamu kutoka Magharibi mwa Kenya. Ndugu zangu, huwezi kufungua uzi kama huu bila kumtaja George Mukabi wa Kisa. Huyo ndiye baba wa omutibo, staili ya gitaa ya huku kwetu. Alifariki 1963, akiwa kijana bado, na aliuawa, lakini hadi leo ukienda kwenye matanga huku kwetu utasikia vidole vyake kwenye mikono ya watu waliozaliwa baada yake. "Sengula Nakupenda" kila mtu anaijua.

Katika omutibo besi haikai pale chini ikisema "dum, dum". Besi inaimba. Gumba linatembea na wimbo wake kamili, la shahada linajibu juu, na mwendo wenyewe una ngoma ya isukuti ndani yake. Halafu kuna chupa. Ile Fanta ya zamani yenye mikunjo, inagongwa na kukwaruzwa kwa kipande cha chuma. Mtu asiyejua anadhani ni mchezo wa watoto. Mpe mtu asiyejua aigonge, wimbo unakufa. Abana ba Nasery kutoka Bunyore walikuwa na Enos Okola kwenye chupa, huku Shem Tube na Justo Osala wakiwa kwenye magitaa, na albamu ya mwaka 1992 walirekodi London na ile chupa yao.

Sasa mtu wangu ni mjomba, amestaafu ualimu. Anapiga matanga tu. Harusi anakataa, anasema harusi zina spika. Usiku wa mkesha, kama saa tisa hivi, watu wamechoka kulia, wengine wamelala kwenye viti, ndipo anaanza. Hapigi kwa nguvu. Na anafanya jambo moja ambalo sijalisikia kwenye rekodi yoyote: anafuata pumzi za waombolezaji. Akina mama wakianza kuitikia anapunguza mwendo ili wapate nafasi ya kuvuta pumzi, wakimaliza mstari anarudisha. Ukiweka mashine ya kuhesabu mdundo itasema anakosea. Lakini wale mama wanaimba mpaka alfajiri bila kuchoka, na mimi nimeona watu waliokuwa wamekauka kabisa wakianza kulia upya, kilio kile cha kufungua kifua.

#4 · Mchangiaji (Dar es Salaam)

Naomba nipingane kidogo, kwa heshima zote. Mbaraka Mwinshehe alikuwa mtu wa kazi, mwanamuziki kamili, Morogoro Jazz kisha Super Volcano. Solo zake zinaniliza zaidi ya mzee yeyote wa kibarazani. Amefariki 1979 na bado ukiweka wimbo wake kwenye daladala watu wazima wanageukia dirishani. Kwa hiyo hili la "asiye na jukwaa" silielewi. Nadhani tunachanganya muziki na kumbukumbu. Mjomba anapiga kwenye msiba wa watu unaowajua. Rekodi ya Bosco inakwaruza, inakukumbusha redio ya babu. Ondoa msiba, ondoa redio ya babu, kitabaki nini? Mpigaji wa wastani.

#5 · Mleta uzi

Mkuu wa Dar, hoja yako ni nzito na naiheshimu. Mbaraka sina ugomvi naye, mimi ni mtu wa Morogoro, nitaanzia wapi?

Lakini kwanza, ule mpaka kati ya wa kazi na wa kujipigia kwetu haukuwahi kuwa ukuta. Dar es Salaam Jazz ya 1932, Morogoro Jazz ya 1944, zile zilikuwa klabu. Watu walikuwa makarani, mafundi, wafanyakazi wa mjini, wakitoka kazini wanakwenda klabu kupiga. Baadaye zikaja NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi na Urafiki Jazz chini ya kiwanda cha nguo. Muziki wetu wa dansi ulijengwa na watu wenye kazi nyingine. Mbaraka alitoka kwenye udongo huo huo.

Pili, hili la kumbukumbu. Kama ni redio ya babu tu, basi asiye na babu wa Katanga asingesikia kitu. Lakini mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani, mbele ya watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili. Mwingereza John Low aliposikia zile rekodi alifunga safari hadi Shaba (ndiyo Katanga) kuwatafuta Bosco na wapiga gitaa wenzake, Edouard Masengo na Losta Abelo, akakaa nao, akajifunza kidole kwa kidole, na mwaka 1982 akachapisha shajara ya safari yake. Mmarekani Elijah Wald naye alikwenda Lubumbashi kujifunza kwa Bosco na Masengo. Mtu mzima anayekwenda Lubumbashi kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi hasukumwi na kumbukumbu ya utoto wake. Kuna kitu kwenye vidole kilimvuta.

Msiba unaongeza, sikatai. Ila mjomba wa ndugu yetu wa Kakamega angeweza kupiga vibaya kwenye msiba huo huo, na watu wangeendelea kulala.

#6 · Mchangiaji (Mwanza)

Mimi nafundisha vijana gitaa kanisani, bila malipo, Jumamosi mchana. Nataka nijibu swali la mleta uzi kama lilivyoulizwa: vidole vinafanya nini.

Jambo la kwanza ni gumba. Vijana wangu wakija, wote wanataka kujifunza mkono wa kushoto: chodi ngumu, kupanda juu kwenye freti (vile vichuma vya shingo ya gitaa) ya kumi na mbili. Mimi nawaweka mwezi mzima na gumba la kulia, chodi moja. Wanachukia. Ukipiga peke yako huna mpiga ngoma, gumba ndilo ngoma yako. Likiyumba, msikilizaji hajui kwa nini hatulii, ila hatulii. Likitulia, kidole cha shahada kinapata uhuru wa kuchelewa kidogo, na ule ucheleweshaji mdogo ndio unaogusa. Mtu hawezi kuchelewa kama hakuna saa ya kuchelewea.

La pili, nguvu. Mpigaji wa bendi amezoea kushindana na ngoma, besi na sauti za watu, kwa hiyo anapiga karibu noti zote kwa nguvu moja. Anayepiga sebuleni mtoto akiwa amelala ana ngazi nyingi sana za upole, na anajua kushuka mpaka unasogeza kiti usikie. Ukishasogeza kiti amekupata.

La tatu, anaimba ndani kwa ndani. Mtazame midomo. Gitaa linafuata lugha. Nyimbo za Bosco zina mwendo wa Kiswahili cha kuongea, silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo inayokaa. Vijana wanaojifunza kwa video kutoka nje wanapata vidole vyepesi kweli, lakini wimbo unatoka na lafudhi ya ugenini. Nawaambia kwanza uimbe mstari, halafu upige ulichoimba, usiongeze kitu.

Nyongeza kwa asiye na hela ya kapo, kile kibano cha kubana nyuzi shingoni: penseli na mpira wa kufungia noti vinatosha. Funga kwa kukaza, penseli ikae karibu kabisa na freti, nyuzi zisizime.

#7 · Mchangiaji (Minnesota)

Nawasalimu kutoka kwenye baridi. Nimesoma uzi wote na nimeona niwaletee wawili wa huku, kwa sababu hoja ya mleta uzi inathibitika kwao kuliko kwa mtu yeyote ninayemjua.

Wa kwanza ni Mississippi John Hurt. Mwaka 1928 alirekodi nyimbo kwa kampuni ya OKeh, Memphis na New York. Hazikuuzwa sana, halafu ukaja mdororo mkubwa wa uchumi. Akarudi kijijini kwake Avalon, Mississippi, kulima na kuchunga ng'ombe za watu. Zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1963 kijana mmoja, Tom Hoskins, akasikiliza wimbo wake wa zamani uliotaja Avalon kuwa ndiyo nyumbani, akatafuta ramani, akaenda. Mzee alikuwepo. Alikuwa bado anapiga vile vile: gumba limetulia, sauti ndogo, hana haraka. Mwaka huo huo akapigia umati wa Newport. Alifariki 1966. Mkifuatanisha rekodi zake za 1928 na zile za miaka ya 1960 mtashangaa. Hakubadilisha staili ili kumfuata mtu. Kwa miaka yote ile msikilizaji wake alikuwa familia, jirani na yeye mwenyewe. Na ukimweka karibu na Bosco utadhani walifundishwa na mwalimu mmoja, ingawa kati yao kuna bahari nzima.

Wa pili ni mama, Elizabeth Cotten wa North Carolina. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto na gitaa lilikuwa la mkono wa kulia, akaligeuza bila kubadilisha nyuzi. Kwa hiyo nyuzi nene zilikuwa chini, nyembamba juu: vidole vikapiga besi, gumba likapiga wimbo. Akiwa bado mdogo alitunga "Freight Train". Baadaye kanisani wakamwambia aachane na nyimbo za dunia, akaliweka gitaa kwa miongo kadhaa. Akaja kufanya kazi za ndani kwa familia ya Seeger, watu wa muziki, nyumba imejaa vyombo, na siku wakamsikia anapiga. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1958, umri umeshapita miaka sitini. Alipata Grammy mwaka 1985 akiwa amepita tisini.

Nimemsikiliza sana nikiwa kwenye zamu za usiku. Hana noti hata moja ya kujionyesha. Na ule mpangilio uliogeuzwa unafanya wimbo usikike umetoka ndani, kwa sababu gumba, kidole kizito, ndicho kinachobeba sauti ya juu. Watu wenye mafunzo mazuri wanahangaika kuipata sauti ile kwa mkono wa kawaida, wanaikaribia tu.

#8 · Mchangiaji (Lubumbashi)

Jambo wote. Mimi ni mtoto wa Likasi, kwa hiyo nisipoandika hapa nitaulizwa nyumbani.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa migodi na alipiga staili hii. Huku wazee wengi wa migodini walipiga. Mtu anatoka kazini, anaoga, anakaa mbele ya nyumba. Katika nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari ukipiga kitu kizuri jirani wa nyumba ya tatu anasikia, naye anajibu na lake. Watoto tulikuwa tunajua ni baba wa nani anapiga kabla hatujamwona.

Wengi wanamjua Bosco wa 1952. Mimi naomba msikilize pia rekodi zake za uzeeni, za miaka ya 1980. Vidole si vyepesi tena kama zamani, kuna mahali unasikia juhudi. Lakini kila kitu kisicho cha lazima kimeondoka. Kwangu mimi zile ndizo zinazoumiza moyo zaidi. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990.

Na kaka wa Dar, nyimbo za Mbaraka baba alizipiga pia, kwa gitaa kavu, peke yake, gumba likishika sehemu ya bendi nzima. Ungezisikia hivyo usingekuwa na ubishi na mleta uzi, wote wawili mngekaa kimya.

#9 · Mchangiaji (Songea)

Nashukuru kaka wa Minnesota kwa kumleta Mama Cotten, maana tangu post ya kwanza mpaka ya sita ni wazee wa kiume tu. Wanawake wanaopiga gitaa wapo. Hamuwaoni kwa sababu hawapigi barazani.

Shangazi yangu alijifunza kwa masista akiwa bwenini. Ameolewa, amelea watoto saba, na gitaa lilikuwa chumbani, si sebuleni. Alipiga mchana, wanaume wakiwa shambani au mjini, akituchambulia mboga huku akipumzika kidogo na kupiga mistari miwili, mitatu. Nyimbo za kanisa, za kulelea watoto, na moja ya kwake isiyo na maneno. Ile isiyo na maneno inaanza kwenye chodi ndogo (minor) na muda wote unahisi itageuka kuwa kubwa (major). Haigeuki. Inakaribia, inarudi. Mara moja tu, karibu na mwisho, inagusa ile chodi kubwa kwa pigo moja na kuondoka. Nilipokuwa msichana nilikuwa nasubiri lile pigo moja. Sasa hivi nina watoto wangu na bado nalisubiri.

Yuko hai, ana sukari na vidole vinamsumbua. Hajawahi kurekodiwa. Uzi huu umenifanya nipange kwenda likizo hii. Naomba msaada wa kitaalamu: nina simu tu. Nifanyeje isitoke kama imerekodiwa ndani ya pipa?

#10 · Mchangiaji (Mwanza)

Dada, nenda kabla ya likizo kama unaweza. Simu inatosha. Mrekodi chumbani kwake, palepale alipozoea, vitanda na nguo vinanyonya mwangwi. Zima feni, zima friji kama inasikika. Weka simu juu ya kiti chenye nguo iliyokunjwa, urefu wa magoti yake, hatua moja kutoka kwenye gitaa, ielekee pale shingo ya gitaa inapokutana na mwili, isielekee kwenye tundu. Weka kwenye hali ya ndegeni isije ikapigwa.

Usimwambie "anza." Washa, muache aongee, atuni gitaa, alalamikie vidole. Rekodi hadi aseme amechoka. Mpelekee nyuzi laini, za nailoni kama gitaa lake linazibeba, vidole vya mgonjwa wa sukari visikatwe na chuma. Na akimaliza ile isiyo na maneno, muombe airudie mara ya pili taratibu huku ukichukua video ya mikono yote miwili, maana mtu atakayetaka kuijifunza baadaye atahitaji kuona gumba.

#11 · Mleta uzi

Dada wa Songea, ukirekodi na shangazi akiridhia, tuwekee hapa hapa. Asiporidhia baki nayo, usiisambaze.

Wengine endeleeni. Bado sijasikia mtu wa Unguja, Bujumbura wala Muscat, na najua magitaa yapo.